Maharage ya Kutokota Tangu Asubuhi

Bonde la Sourwood,
Kentucky Mashariki,
18 Novemba 1951.

Dada yangu mpenzi Verda,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku milimani, wewe na shemeji Clell na huyo mtoto wenu ambaye bado sijambeba. Kifua chako kinaendeleaje? Uliniandikia kwamba moshi wa viwanda vya Dayton unakukohoza usiku kucha, na tangu siku ile sijaacha kukuombea. Mimi mwili wangu hauna tatizo. Orbin naye ni mzima. Anashuka mgodini asubuhi na kurudi jioni amejaa vumbi la makaa, macho na meno tu ndiyo yanayoonekana, na kila akitokea pale darajani moyo wangu unaruka kama siku ile ya kwanza aliponisindikiza kutoka kanisani.

Najua habari zimekutangulia. Watu wetu waliohamia huko hawawezi kukaa na jambo kifuani, na lazima mmoja wao amekwisha kukuambia kwamba mdogo wako ameolewa mwezi Mei na kufika Oktoba amemwua baba mkwe wake kwa maharage. Nimeona afadhali uisikie kutoka kwangu. Lakini niache nianzie pale ninapotaka kuanzia, kwa sababu hukuwepo arusini, na sitaki umjue Orbin kwa msiba tu.

Ungemwona, dada! Ana mabega mapana, lakini mlangoni huingia polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Siku ya arusi viatu vyake vilikuwa vya kuazima na vilimbana hata akacheka machozi yakamtoka, na mchungaji akadhani analia kwa furaha, akasimamisha ibada atuombee. Tuna nyumba ya vyumba viwili ya kampuni, jiko la makaa, na kibaraza kinachotazama kijito. Jioni anaosha uso, anakaa kibarazani, ananiomba nimsomee gazeti kwa sababu anasema habari mbaya zikitoka kinywani mwangu hazimchomi. Nani asingempenda mtu wa namna hiyo? Wakati mwingine natazama mikono yake ilivyo na makovu ya makaa, nasema moyoni, hii ni yangu, yote miwili, na hakuna atakayeninyang'anya.

Aliyejaribu kuninyang'anya ni mama yake, Mama Zella. Simlaumu. Utaelewa mwisho wa barua kwa nini simlaumu.

Wewe unajua jinsi maharage mabichi, yale ya kuliwa na maganda yake, yalivyo kwetu. Mwanamke anaweza kuwa na nyumba safi na sauti nzuri kanisani, lakini kama maharage yake yanagonga meno, watu watamhurumia mumewe. Katika ukoo wa Orbin ni zaidi. Kwao maharage yakiwekwa jikoni asubuhi hayatoki mpaka watu warudi kutoka ibadani. Yanatokota na kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi, moto mdogo, mpaka ganda linakuwa laini kama ulimi na maji yanageuka mchuzi mweusi wa kuchovya mkate wa mahindi. Yale ya kiangazi wanayasindika kwenye chupa za mdomo mpana ili wayale majira yote ya baridi. Mama Zella anasindika kama alivyofundishwa na mama yake: anapanga chupa ndani ya karai kubwa la bati uani, anamimina maji, anawasha moto wa kuni chini yake na kuuchochea tangu asubuhi hadi alasiri.

Mimi nilikuwa na sufuria ya presha. Mwalimu wetu wa mapishi pale sekondari alinipa zawadi ya arusi, na alinifundisha kusoma ile saa ya juu ya kifuniko inayoonyesha nguvu ya mvuke. Mama Zella alipoiona alirudi nyuma hatua moja, akaniuliza kama ninataka kupika au kuendesha gari moshi. Akasema litanilipukia usoni, na mwanawe ataishi na mke asiye na pua. Baba Hobert, mume wake, alicheka mpaka akakohoa. Yule mzee ndiye aliyenibatiza jina la Sekondari. Kila akipita alisimama kwenye ngazi akaita, "Hodi Sekondari! Leo tunakula maharage au tunakula vitabu?" Nami nilimjibu kwamba vitabu vimekwisha, watu wa jana wamevimaliza. Alikuwa amestaafu mgodini na mapafu yake yalikuwa yamechakaa, lakini utani haukumwishia. Nilimpenda, Verda. Baba yetu alikufa nikiwa mdogo. Kwa miezi michache nilionja kidogo kuwa na baba.

Mwezi Agosti Mama Zella aliniita kwake juu ya kilima tukatoe nyuzi na kuvunjavunja maharage ya kusindika. Tulikaa kibarazani siku nzima na dada yake, Mama Icy, magunia mbele yetu, vidole vikawa vya kijani. Siku ya kuyachemsha ilinyesha mvua ikauzima moto uani, wakauwasha tena, ukazima tena, Mama Icy akasema mvua hii imetumwa na wenye maduka ili tununue maharage ya kopo. Hatimaye jua likatoka, chupa zikakamilika, na Mama Zella akanipa sehemu yangu kwenye kreti. Alinikabidhi bila kunitazama. Akasema nikiona yangu ya gari moshi hayaliki, nisimtese mwanawe, nifungue haya. Nyumbani nilikuwa na rafu nzima ya kwangu mwenyewe niliyoyasindika kwa presha. Niliyapanga yangu mbele, ya kwake nyuma.

Sasa Orbin, kwa jinsi alivyo mwema, hakuwahi kuyasema vibaya maharage yangu. Aliyala, akapangusa sahani, akanibusu shingoni. Halafu akasema, "Yanakaribia." Kila mara ni hivyo tu. Yanakaribia! Nilijaribu kuongeza nyama ya chumvi, nilijaribu kitunguu, nilijaribu kuyaacha jikoni mpaka yakawa uji. Yanakaribia. Utacheka, lakini nililia juu ya sufuria ile kama mtu aliyefiwa. Sikujua bado kulia kwa kufiwa kunavyokuwa.

Basi mwezi wa Oktoba nikawaalika wakwe zangu chakula cha Jumapili, mara yao ya kwanza kula kwangu. Nilipiga deki, nikatandika kile kitambaa ulichonitumia. Asubuhi sikwenda ibadani. Nilifungua chupa mbili, nikayamimina kwenye sufuria pamoja na nyama na maji, nikaanza kuwasha jiko. Makaa hayajashika vizuri, Baba Hobert akatokea. Alikuwa ametoroka kanisani. Alisema mchungaji amefika kwa Nuhu na safina, na yeye gharika anaijua mpaka mwisho. Akavuta uma, akafunua sufuria.

Hiyo ilikuwa tabia yake ya siku zote. Nyumbani kwake Mama Zella alimpiga vidole kwa mwiko kila Jumapili, na yeye aliiba kila Jumapili. Nilimwambia hayajapata hata moto, Baba, subiri. Akasema anaonja chumvi tu. Akala uma mmoja, akala wa pili, akafumba macho na kuniambia, "Sekondari, leo umefaulu." Nikamfukuza na kitambaa cha kufutia vyombo, tukicheka wote wawili. Halafu moto ukashika, nikayaacha yatokote mpaka watu walipokuja, kama kawaida.

Tulikula, Verda, tukashiba. Mama Icy aliongeza mara mbili. Orbin alichovya mkate, akatafuna, akanitazama juu ya meza kwa jicho ambalo siwezi kukuandikia, akasema, "Yamefika." Na Mama Zella, aliyekuwa hajawahi kunipa neno jema moja, akapangusa mdomo na kusema kwamba haya yamesindikwa na mtu anayejua kazi. Nilihisi kama naelea juu ya kiti changu. Siku hiyo nilijiona mke kamili.

Kesho yake jioni Baba Hobert akaanza kuona vitu viwili viwili. Alifanya mzaha, akamwambia Mama Zella ameongezeka, na mmoja alikuwa anamtosha kabisa. Halafu kope zikamwangukia, akawa anainua kichwa nyuma ili aone. Watu wakasema mzee amekunywa pombe ya kichakani. Ulimi ukawa mzito. Akipewa maji yanarudi kupitia puani. Tulikaa naye Jumanne yote mikono ikimlegea, kisha shingo, na akili yake wala haikuyumba. Unamwuliza kitu, anakufinya kidole kuonyesha amesikia. Daktari wa kampuni alikuja, akamfunua kope, akauliza tumekula nini. Alipotajiwa maharage ya chupa alikaa chini. Alisema kuna sumu inayozaliwa ndani ya chupa isiyochemshwa kwa moto wa kutosha, haina harufu wala ladha, na dawa yake itabidi itoke Lexington kwa treni. Akatuuliza sisi wengine tunajisikiaje. Hatukuwa na kitu. Akauliza kama mzee alikula peke yake, nikasema ndiyo, alionja kabla hayajachemka. Akatikisa kichwa. Akasema kule kutokota kwa muda mrefu kumetuokoa sisi wote. Sumu ile hufa kwenye moto, na mzee aliikuta hai.

Baba Hobert alifariki Alhamisi. Dawa ilishuka kituoni Ijumaa.

Mzee akiwa bado hai, daktari alikuwa ameuliza maharage yalisindikwa kwa kitu gani. Sikujibu mimi. Mama Icy alijibu, "Kwa lile sufuria lake la gari moshi." Daktari akasema huenda saa yake ya mvuke inadanganya. Wote wakanigeukia. Mama Zella hakupiga kelele. Alinitazama muda mrefu, kisha akarudi kumhudumia mumewe.

Msibani wanawake walileta vyungu na sahani kama ilivyo ada, meza ikajaa. Mimi nilileta mkate wa tufaha. Hakuna aliyeugusa. Watu walipita mezani, wakifika kwenye sahani yangu wanavuta sketi kama vile inaweza kuwarukia. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Huyo ndiye Sekondari mwenyewe. Amemhitimisha mzee." Nilitaka ardhi inimeze. Basi Orbin, mume wangu, mwenye baba yake ndani ya sanduku hatua chache tu pale, alikwenda mezani, akakata kipande, akala akiwa amesimama. Akakata kingine. Aliula ule mkate wote mbele ya ukoo mzima, machozi yanamwagika, mpaka sahani ikabaki tupu, halafu akaja akanishika mkono tukapanda naye makaburini. Niambie kama kuna mwanamke mwingine huko Dayton au popote aliyependwa hivyo.

Kaburini Mama Zella alisema maneno mbele ya watu. Alisema ameolewa akiwa msichana, amempikia mume wake maisha yake yote, na halikuwahi kutoka mkononi mwake tonge moja lililomdhuru. Hilo, alisema, ndilo Mungu alilomwachia. Kisha akamgeukia Orbin, akamwambia achague mahali pa kulala, kwake au kwangu, maana miguu yake haitakanyaga tena ngazi za nyumba yetu. Orbin akasema, "Mama, huyu ni mke wangu." Akasema hivyo tu. Tulirudi nyumbani tukiwa wawili.

Tangu siku hiyo Orbin hakupanda kilima. Aliniambia hanilaumu, kwamba saa ya sufuria ilinidanganya kama inavyoweza kumdanganya yeyote, na hata kama angekuwa amekula yeye angenipenda mpaka mwisho. Aliniambia hivyo amenikumbatia. Lakini nilimwona, dada. Akitoka kazini alisimama darajani akatazama juu, kwenye moshi wa jiko la mama yake, kuona kama amewasha moto. Aliacha kuniomba nimsomee gazeti. Chakula alikimaliza bila kusema kimekaribia wala kimefika. Nilikuwa nimempata mzima, nami nikawa nakaa naye nusu.

Siku moja akiwa mgodini, Mama Icy alikuja na wapwa zake wawili na koleo. Alisema Zella hapati usingizi akifikiri sumu imepangwa rafuni kwa mwanawe. Walibeba chupa zangu zote za kiangazi, wakazivunja mtaroni kwa mgongo wa koleo, maharage yakamwagika kila mahali. Za Mama Zella walizozikuta nyuma hawakuzivunja, Mama Icy alizijua kwa vifuniko vyake vya zamani; alizirudisha kilimani, akasema sistahili. Nilisimama mlangoni nikitazama. Walipoondoka kuku wa jirani wakaja, wakala ile karamu siku nzima na siku ya pili yake. Unajua kuku akila maharage mabaya shingo inamlegea kabla jua halijatua. Wale kuku walitembea vifua mbele. Nilichukua fagio nikawafukuza, nikafukia mtaro wote kwa udongo, kabla mtu hajapita na kuuliza mbona wazima.

Halafu wiki iliyopita Mama Zella akashuka mwenyewe. Niliona shali yake nyeusi inakuja njiani, na mikononi ana kreti. Orbin alikuwa nyumbani. Alisimama kama mtu aliyemwona malaika. Mama Zella akaweka kreti mezani, akavuta pumzi, akasema, "Nimempoteza mume. Sitaki nipoteze na mtoto. Wewe Lonie ni mtoto pia, ulifundishwa vibaya, hukujua. Nimekusamehe. Kuanzia leo mle ya kwangu, mpaka nikufundishe kusindika kama watu." Orbin akamwangukia mama yake begani, akalia kama alivyokuwa hajalia hata msibani. Mimi nikapiga magoti nikamshika Mama Zella mikono, nami nililia. Alidhani ni shukrani.

Orbin akawa mtu mpya. Siku hiyo hiyo alifungua chupa kwa mkono wake, akayamimina kwenye sufuria, akaanza kupiga mluzi wa wimbo wa baba yake. Mimi nilikuwa nakoroga unga wa mkate wa mahindi. Nikageuka, nikamwona ameshika uma. Alikuwa anatabasamu, akaniambia, "Lazima mtu wa nyumba hii aendeleze wizi." Nilimpiga mkono, Verda, nikaisukuma sufuria ikaanguka chini yote, na kelele iliyonitoka sikuijua kuwa ni yangu. Mama Zella akaruka kutoka kitini. Kisha Orbin akanishika mabega, taratibu, akamwambia mama yake kwamba bado nina hofu, kwamba itapita. Na Mama Zella, maskini, akainama kunisaidia kuokota, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba hayo ni ya kwake, mwanangu, haya hayana kitu, usiogope.

Hayana kitu.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Ile Jumapili ya Oktoba sikupika maharage yangu. Nilichoka kukaribia. Nilinyoosha mkono nyuma ya rafu, nikachukua chupa mbili za Mama Zella, za ile siku ya mvua, nikazificha chupa tupu chini ya kitanda. Nilitaka mara moja tu mume wangu aseme yamefika. Nilikusudia kumwambia kesho yake tucheke, kwamba mama yake amejisifu mwenyewe mezani kwangu bila kujua. Kesho yake Baba Hobert akaanza kuona viwili viwili. Sikuwa na la kucheka tena.

Kwa hiyo maharage yaliyomwua yalitoka mkononi mwa mke wake. Yangu yalikuwa safi. Kuku ni mashahidi. Ningeweza kusema pale pale mbele ya daktari. Kinywa nilikifungua. Nikamwona Mama Zella amekaa kitandani, anamlowesha mumewe midomo kwa kitambaa maana hawezi kumeza, anamwambia polepole kwamba dawa iko njiani. Nikakifunga. Nilifikiri nitasema baadaye, akishazikwa. Halafu akasema yale maneno kaburini, kwamba hilo ndilo aliloachiwa. Nimebaki na siri yangu. Nikimwambia Orbin nitasafishika, na yeye atakuwa hana baba wala mama, kwa sababu hatamtazama tena mama yake bila kuiona ile sufuria. Amenipenda akiamini nimemwua baba yake. Nami sijapata kitu kingine cha kumlipa kwa upendo huo ila kuendelea kuaminiwa hivyo.

Lakini rafu ya Mama Zella imejaa kule juu, na anaishi peke yake, na siku moja atachoka, au makaa yatamwishia, atakula bila kuchemsha. Jambo hili lilininyima raha. Basi juzi nilipanda kilima, nikamwomba ahamie kwetu. Alinitazama kana kwamba nimeingiwa na wazimu, akaniuliza tutamlaza wapi, juu ya paa? Nikasema yeye atachukua chumba, mimi na Orbin tutatandika jikoni, karibu na jiko. Nikasema nataka kujifunza kupika. Hatimaye akasema atakuja, ila aje na rafu yake yote na karai lake, na lile gari moshi litoke ndani ya nyumba. Orbin amekwisha kulitoa. Jana alilibeba akampa mtu wa vyuma chakavu. Aliporudi alinizungusha hewani, akasema mimi ni mwanamke asiye na mfano wake duniani. Nilificha uso shingoni mwake.

Anahamia kesho. Hatuna hata miezi saba ya ndoa, dada, na nimekitoa chumba chetu. Chupa zake anazijua moja moja, sitaweza kutupa hata moja bila kuulizwa. Nitakachofanya ni hiki: nitaweka sufuria jikoni kabla mtu hajaamka, moto mdogo, yatokote mpaka yasahau kwamba yalikuwa maharage, na sitatoka pale. Hakuna uma utakaoingia kabla. Watu watasema Lonie ana wivu na sufuria yake. Na kiangazi kikija tutawasha moto chini ya karai, mimi na yeye, tutasindika nyingine, nami nitasimama mbele ya hizo pia, na za mwaka unaofuata. Nina furaha, Verda, nakuapia. Nikimsikia Orbin anavua viatu kibarazani bado naona joto mpaka masikioni. Ila sasa furaha yangu ina mlinzi, na mlinzi hana zamu ya kupumzika.

Nisaidie jambo moja. Barua zako Orbin atazisoma kwa sauti ili Mama Zella asikie, maana yeye hajui kusoma, kwa hiyo usiandike lolote kuhusu haya. Ukiona ninakosea, ukiona ni lazima niseme ukweli hata kama utatuvunja, niulize hali ya ng'ombe wetu. Hatuna ng'ombe, Orbin atacheka tu kwamba umetusahau. Ukiona ninyamaze, nieleze habari za mtoto na za theluji, nitaelewa, sitauliza tena.

Mpe shemeji Clell mkono wangu, mbusu mtoto kwenye visigino vyote viwili, na wewe mwenyewe ujifunge kifua vizuri kabla ya kutoka kwenda kiwandani. Orbin anakusalimu sana; yuko uani anapigilia misumari rafu ya mama yake, na anapiga mluzi.

Nakupenda, na nasubiri kwa hamu nikiwa na woga.

Mdogo wako,
Lonie Tackett

(Bado naona haya nikiliandika jina hilo, na bado naliandika mara mbili kwenye karatasi nyingine kabla sijaliweka hapa.)